Filimbi Niliyoificha Kifuani

Kaagya, Jumamosi jioni

Kokugonza mwanangu,

Umekwenda kumuaga shangazi yako na umesema utarudi kabla ya chakula. Sanduku lako liko hapa mlangoni. Kamba uliyoikaza vizuri asubuhi nimeifungua, Mungu anisamehe, ili niweke ndani barua hii na kitu kidogo nilichokifunga kwenye kitambaa. Najua utakasirika ukiona fundo si lako. Kasirika tu. Ndani ya barua kuna la kukukasirisha kuliko fundo.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za kusali kabla ya kulala. Hayo nimeshayasema mpaka masikio yako yamechoka, na miaka miwili ya chuo cha ualimu umeishi bila mimi na hukufa. Lori la Muleba utalipanda kama watu wengine wanavyolipanda. Ninaandika kwa sababu ya jambo nililolisikia juzi.

Ulikuwa uani unamsomea baba yako barua ya Sista wa shule unakokwenda kufundisha. Sista anaomba uongoze kikosi cha skauti wa kike, wale wadogo wa miaka sita mpaka tisa. Baba yako akasema, "Kazi nzuri hiyo. Mama yako aliifanya." Nawe ukamjibu, "Nitafundisha, nitashona, hata kanisa nitafagia. Watoto wa watu sihesabu, baba. Nilihesabu mara moja, inatosha." Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi, nikaendelea kumenya mpaka nikamenya na za kesho.

Koku, miaka kumi nakuona unahesabu. Vifaranga wakiingia jioni, unahesabu. Vikombe, wageni, watu kanisani, benchi kwa benchi. Watu wanacheka, "Huyu atakuwa karani!" Mimi nilijua unamtafuta nani, nikacheka pamoja nao. Nilicheka, mwanangu. Leo nataka kukuambia ukweli wa siku ile, na nina haraka, maana ukiingia mlangoni ukaniona na kalamu nitaacha, nitasema naandika orodha ya vitu vya duka.

Acha nianze na furaha, kwa sababu ilikuwepo. Ulikuwa na miaka tisa, mdogo wako Kemilembe alikuwa na sita. Vita vilikuwa vimekwisha na wanaume waliosalimika walikuwa wamerudi. Bibi mmoja Mwingereza, mke wa afisa wa Bukoba mjini, alitukusanya walimu wanawake watatu wa shule za misheni akatufundisha wiki nzima mambo ya skauti: mafundo, moto wa njiti moja ya kiberiti, kufunga kidonda, kusaidia wazee bila kuomba kitu. Siku ya mwisho akatuambia kwamba kwao kiongozi wa wasichana wadogo huitwa Bundi. Wee! Sijui habari ilipanda gari gani, maana ilifika Kaagya kabla yangu. Bibi yako mzaa baba alinisubiri njiani, mikono kiunoni. "Bundi? Atue juu ya paa la nani?" Ilibidi nimwandikie yule Mwingereza barua ya adabu, naye akacheka, akakubali tusitumie jina hilo.

Basi wasichana wakaniita Mama Filimbi. Mjomba wako alirudi kutoka vitani Burma na mguu mbovu na filimbi moja ya shaba, akanipa filimbi. Unaikumbuka sauti yake. Nikiipiga pale shuleni, mbuzi wa jirani walikuwa wanaacha kula.

Magauni yenu ya bluu alishona fundi wa Miembeni, yule Mwislamu aliyekuwa anavaa kanzu safi hata siku ya mvua. La Kemi nilimwambia aache upindo mpana chini, ili mtoto akikua tulifungue kidogo kidogo. Fundi akasema, "Mwalimu, upindo huu ni wa miaka minne." Nikamwambia, hewala, atakua. Gauni hilo ninalo bado. Upindo haujafunguliwa.

Siku ya kula kiapo mlinyoosha vidole vitatu mkaahidi kumtumikia Mungu na Mfalme. Kemi akauliza mbele ya Sista wa shule yetu, mbele ya yule bibi wa afisa, mbele ya watu wote, "Mfalme huyo ni Mukama wetu au mwingine?" Nilitamani ardhi inimeze. Babu yako ndiye aliyecheka peke yake, kicheko kile cha kupiga goti.

Nataka umkumbuke babu yako vizuri, maana mimi sikumwelewa mpaka nilipochelewa. Mkumbuke siku ya senene. Mlitumwa nyasini kukusanya senene, kikosi kizima, mkarudi na vikapu vimejaa, na kama desturi ilivyotaka, kukusanya ni kazi ya wanawake na kula ni kwa wanaume. Babu akamwita Kemi aje amsalimie. Mtoto kapiga magoti, kainamisha kichwa kwa heshima zote, na mguu wa senene umemganda mdomoni! Nikasubiri laana itolewe. Babu yako akanyoosha kidole, akauondoa ule mguu, akaufuta kwenye kanzu yake, akasema, "Umesalimia vizuri." Hakumwambia mtu. Hilo ningelishika moyoni mapema, leo nisingekuwa naandika.

Lakini mimi nilishika lingine. Siku moja kwenye pombe ya rubisi kwa jirani, mbele ya wazee wenzake, babu yako aliitaja filimbi yangu, akasema, "Mke wa mwanangu anaita mbwa wa kuwinda." Wazee wakacheka. Nilikuwa napita na mtungi kichwani, nikasikia. Kwetu mwanamke hapigi hata mluzi, unajua, na mkamwana mbele ya baba mkwe hata kukohoa anakohoa kwa adabu. Nilijisikia nimevuliwa nguo. Tangu siku hiyo, nikimwona babu yako anakuja, filimbi naitumbukiza ndani ya gauni. Hakunikataza, Koku. Nilijikataza mwenyewe, kisha nikamsingizia yeye moyoni mwangu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi kama leo. Asubuhi tulikwenda kwenye uwanda wa rweya kukata nyasi, tukazibeba vichwani mpaka kwa yule mukaikuru, bibi kizee kipofu aliyekaa peke yake mwisho wa kijiji. Mlitoa nyasi kuukuu ndani, mkafagia, mkatandika mpya chumba kizima. Bibi yule akavua viatu, akatembea juu yake polepole, kwenda na kurudi, akasema miguu yake imeona. Mlifurahi sana. Nikawaambia, kazi imekwisha, sasa tucheze.

Mchezo mliupenda ule wa kujificha kwenye migomba. Sheria yake niliitunga mimi: skauti hatoki mafichoni mpaka asikie filimbi. Akiitwa kwa jina hatoki, akisikia njaa hatoki. Nilikuwa mkali kwa hilo. Wiki iliyotangulia Kemi alitoka mapema kwa sababu siafu walimpanda, nikamwambia mbele ya wenzake, "Skauti gani wewe?" Alilia. Wewe ulimpangusa machozi kwa gauni lako.

Mlipokwisha kujificha, ndipo babu yako alipotokea kwenye kijia na wazee wawili, wanatoka kuangalia shamba. Filimbi ikaingia kifuani. Nikapiga magoti, nikamsalimia. "Kaboneka waitu." Akanijibu vizuri, akaketi kwenye kigoda cha mukaikuru, akaanza kuuliza habari. Nikampa buni za kutafuna. Mkamwana hainuki mpaka baba mkwe amalize, nami nikakaa pale chini, na juu ya ziwa wingu lilikuwa limeshasimama, jeusi. Niliona. Usidhani sikuona.

Wewe ulikuwa mkubwa kuliko wenzako, hukujificha nao, ulikuwa msaidizi wangu. Nikakuita kwa jicho, nikakunong'oneza, "Nenda ukawaite kwa mdomo, waje, uwahesabu." Ukaenda. Nilisikia sauti yako kwenye migomba, "Tokeni! Mama kasema tokeni!" Wakatoka mmoja mmoja, na matone ya kwanza yakaanza. Kikosi kilikuwa watoto kumi na wanane, wewe ukiwemo.

Na hapa, mwanangu, soma polepole. Najua unavyokumbuka wewe. Unakumbuka kwamba ulihesabu ukakosea. Sivyo ilivyokuwa. Ulirudi, ukapiga magoti nyuma yangu, ukaninong'oneza sikioni, "Kumi na saba, mama. Kemi simwoni." Ulisema hivyo. Nakula kiapo kwa kaburi lake. Mzee alikuwa katikati ya maneno, nami niliona aibu mtoto wangu kunong'ona mbele ya wakubwa, nikakufinya mkono, nikakuambia, "Nyamaza. Yumo." Ukasema, "Mama." Nikakufinya tena.

Mvua ikashuka. Babu na wenzake wakainuka, nasi tukatawanyika, kila mtoto mbio kwao, na mimi nikajiambia Kemi atakuwa amekimbilia kwa bibi yake. Filimbi ilikuwa hapa, kwenye ngozi yangu, naisikia baridi yake. Wazee walikwisha kuondoka na bado sikuipiga. Kwa nini? Nimejiuliza miaka kumi. Nadhani niliogopa wangeisikia toka njiani.

Tulimpata jioni. Alikuwa kwenye shimo la zamani la kuivishia ndizi za pombe, kajifunika majani makavu vizuri kabisa, kama nilivyowafundisha, na maji yalikuwa yamemfika kifuani. Baba yako ndiye aliyemtoa. Midomo yake ilikuwa imepauka, meno yanagongana, akaniangalia akaniuliza, "Filimbi bado?"

Nilimkumbatia tu. Siku nne alipigwa na kichomi. Hospitali ya misheni walifanya waliloweza, siwezi kuwalaumu. Siku ya nne alikwenda.

Hilo ni kosa langu la kwanza, na nimelililia mpaka nikalizoea. La pili silizoei. Jioni ile tulipomleta ndani, nyumba ikajaa watu, babu yako yupo, majirani wapo. Baba yako akauliza, wala hakuuliza kwa ukali, "Ilikuwaje mtoto akabaki?" Nikasema, "Nilimtuma Koku ahesabu."

Maneno matatu. Wala si uongo, ndiyo ubaya wake. Watu wote wakageuka wakakutazama. Ulikuwa umesimama karibu na moto, gauni la bluu linadondosha maji. Ulifungua mdomo. Ukaniangalia mimi kwanza, kama mtu anayeomba ruhusa ya kusema. Nikatazama chini. Ukaufunga mdomo wako, na mpaka leo hujaufungua kwa habari hiyo, hata siku ya maziko.

Nilijiambia nitakueleza matanga yakiisha. Yakaisha. Nikasema, akifanya komunyo. Akimaliza darasa la nne. Akirudi toka chuoni. Halafu nikaona wewe mwenyewe umeshaamini, umesahau kile ulichoninong'oneza, na mimi, mama yako, nikaona nafuu. Hiyo ndiyo iliyonivunja, mwanangu. Ile nafuu. Kuzika mtoto mmoja, na kumwacha wa pili abebe jeneza peke yake, na moyo wangu unasema afadhali.

Babu yako alikuja mwezi mmoja baadaye, na mkungu wa ndizi kama kisingizio. Aliketi, akaniuliza, "Filimbi yako siku ile ilikuwa wapi?" Nikasema, "Kifuani, waitu." "Kwa nini hukupiga?" Nikasema, "Kwa heshima yako." Kisha akasema, "Heshima yangu ingenuna siku mbili, ikanywa rubisi, ikasahau." Akalia. Sikuwahi kumwona analia, nikageuka ukutani nisimwone.

Aliponyamaza akaniambia jambo jingine. Alikuwa amesikia sauti yako siku ile ikitaja kumi na saba. Alidhani unanihesabia mizigo ya nyasi. "Mtoto alihesabu," akasema. "Umemwambia kwamba alihesabu?" Nikasema nitamwambia. Tangu hapo kila alipopita hapa, kabla hata ya kuketi, aliniuliza, "Umeshamwambia?" Nami, "Bado, waitu." Mpaka siku anakufa jibu langu lilikuwa hilo hilo. Bado. Neno la Kemi.

Basi sasa nimekuambia. Baba yako nitamwambia kesho lori likiondoka, na kuanzia Jumatatu nitawaambia wale waliokuwepo, mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Miguu ninayo. Watasema watakayosema, mdomo wa mtu haufungwi kwa kamba.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Samahani ya kuandikwa ni rahisi, unaweza kuisoma ukaikunja. Wala sitakufundisha jinsi ya kuongoza watoto, nani mimi? Nina neno moja tu, nimelilipia: heshima ni kitu kizuri, nami nimelelewa nayo na nimekulea nayo, lakini mara nyingi niliyoiita heshima ilikuwa woga umevaa nguo za kanisani. Utakapokuwa na mashaka kipi ni kipi, tazama nani ananyeshewa.

Na ukiniambia humtaki huyo Sista na kikosi chake kwa sababu hupendi, haya, usiwapende. Fundisha hesabu zako. Lakini usikatae kwa sababu yangu. Nimekuona unavyowainamia watoto wadogo ukizungumza nao, unakaa chini kabisa mpaka macho yenu yanalingana. Kulikuwa na mtoto mmoja aliyependa sana kuinamiwa hivyo. Wale wa Muleba wanahitaji mtu atakayejua mapema kwamba mmoja hayupo, na katika nchi hii yote sijui mtu anayejua hilo kuliko wewe.

Kilicho kwenye kitambaa ni filimbi. Sijaipiga tangu mwaka ule, nimeisugua kwa majivu leo asubuhi ulipokwenda kisimani. Ukiona huwezi kuitazama, itupe ziwani, sitauliza. Ukiichukua, basi ipige. Askofu akiwa anapita, piga. Baba mkwe wako akiwa ameketi, siku Mungu akikupa baba mkwe, mpigie hapo hapo sikioni, akinuna mwambie mama yangu ndiye aliyenifundisha.

Msimu wa senene ukifika nitaweka chungu motoni na nitakaa mlangoni. Usipokuja nitaelewa, ingawa nadanganya, sitaelewa, nitalia tu. Nitakusubiri msimu wa pili, na wa tatu.

Nakusikia. Umeshafika uani, unawaingiza kuku, unahesabu kwa sauti ya chini kama unavyofanya kila jioni. Ninaifunga kamba sasa, kwa haraka, fundo litakuwa baya.

Walikuwa kumi na saba, Koku. Ulihesabu sawasawa.

Mama yako